KUTOKA EMBU HADI NKUBU KWA BAISKELI

Tangu shule ifunguliwe nimeulizwa swali moja mara nyingi hata nimechoka kulijibu katika foleni ya chakula: eti ni kweli mlitoka Embu mkafika Nkubu kwa baiskeli? Ni kweli. Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu, na ilituchukua siku mbili. Lakini sikuchukua kalamu ili nijigambe. Nataka kueleza kwa nini barabara ile hupanda na kushuka bila kukoma, na mtu wa baiskeli afanye nini ili afike akiwa mzima. Mimi nusura nisifike.

Fikra yenyewe ilianzia katika kipindi cha Jiografia. Mwalimu alitueleza kwamba katika nchi kama Uingereza na Marekani reli nyingi za zamani zilifungwa, vyuma vikang'olewa, na njia iliyobaki ikageuzwa kuwa ya baiskeli. Huko Wisconsin, Marekani, ipo moja kutoka Elroy hadi Sparta, iliyofunguliwa katika miaka ya 1960. Ina urefu wa kama kilomita 51 na hupita ndani ya mahandaki matatu yaliyochimbwa kwa ajili ya garimoshi. Uingereza ipo ya Bristol hadi Bath, kama kilomita 21, iliyokamilika mwaka 1986. Watoto na wazee huziendesha njia hizo bila taabu. Nilipomsimulia binamu yangu wakati wa likizo, alisema, "Basi na sisi tutafute yetu."

Hatukuipata, na sababu ni ya kihistoria. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikaendelea kupitia Sagana na Karatina, ikafika Nanyuki mwaka 1930. Iliuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi, ikatuacha sisi wa mashariki tukisikia honi kwa masimulizi tu. Embu na Meru hazikuwahi kufikiwa na reli. Hata hiyo ya Nanyuki si ya kugeuzwa, maana baada ya kulala kwa miaka mingi ilikarabatiwa mwaka 2020 na treni za mizigo zikarudi. Tafadhali mtu asiende kuendesha baiskeli humo kwa sababu ya makala yangu!

Hata hivyo, reli inatufundisha jambo. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza upesi, kwa hivyo wajenzi wa reli huogopa mlima kuliko sisi. Mara nyingi njia yao hupanda mita moja au mbili tu katika kila mita 100. Wakikuta bonde hujenga daraja refu au huzunguka. Wakikuta kilima hukikata. Barabara yetu ya lami haina aibu hiyo. Kuna mahali hupanda mita nane katika kila mita 100. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani? Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80. Katika njia ya mita mbili kwa 100, mlima unamvuta nyuma kwa uzito wa kilo moja na nusu hivi, yaani hata pakiti moja ya unga wa kilo mbili haifiki. Katika ile ya mita nane, anavutwa na uzito wa zaidi ya pakiti tatu. Sasa hebu fikiria pakiti tatu za unga zimefungwa kamba na kuning'inizwa nyuma yako kutoka mtoni hadi juu, na ukifika juu, mto mwingine unakungoja.

Kwa nini mito ni mingi hivyo? Chukua mwavuli, ufungue, uutazame kwa juu. Ncha yake ndiyo Mlima Kenya, mita 5,199. Zile chuma zinazotoka kwenye ncha kwenda ukingoni ndiyo migongo ya ardhi tunamoishi, na yale mabonde ya kitambaa kati ya chuma na chuma ndiyo mito. Maji hutoka mlimani kuelekea mashariki na kusini hadi Mto Tana, na kwa maelfu ya miaka yamechimba mabonde ya kina kirefu. Mtu anayefuata mgongo mmoja hushuka polepole kutoka kwenye chai, akaingia kwenye kahawa, kisha mahindi, mpaka nchi ya mtama na ndengu upande wa Mbeere na Tharaka. Huyo hana shida, ila siku ya kurudi! Lakini barabara ya Embu hadi Meru haifuati mgongo. Inauzunguka mwavuli katikati na kukata kila chuma. Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu: hiyo ni baadhi tu, wala sikuvitaja vijito. Ndiyo maana mwewe akiruka kutoka Embu hadi Meru huenda kama kilomita 70, na sisi wa chini tunaenda 120 na ushei, tukizungushwa na kona za kushuka na kupanda.

Mama alituruhusu kwa sharti moja. "Daraja la Nithi mtashuka kwa miguu na kupanda kwa miguu. Niahidi." Nilimwahidi. Nadhani nyote mnaijua sababu. Mwezi wa Julai 2022 basi lilianguka pale bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki, na haikuwa mara ya kwanza kwa mahali pale kulia.

Binamu yangu alikuwa na baiskeli ya gia. Mimi nilikuwa na Black Mamba ya babu, ile nzito yenye karia pana na breki za vyuma. Haina gia. Gia ni jambo rahisi kulielewa: ukiweka cheni kwenye gurudumu kubwa la meno kule nyuma, unakanyaga pedali mara nyingi kwa mwendo mfupi, na kila mkanyago unakuwa mwepesi. Kazi haipungui, inagawanywa tu vipande vidogo, kama mtu anayebeba gunia debe kwa debe. Mwenye Mamba hana chaguo hilo. Hushuka akasukuma, na wala si haya. Wazee wetu walisukuma magunia ya kahawa kwenye baiskeli hizo hizo.

Siku ya kwanza tuliondoka Embu alfajiri, tukanywa chai Runyenjes, tukavuka Thuci jua likiwa kali, tukafika Chuka jioni kwa shangazi nikiwa siwezi kukunja magoti. Ya siku hiyo ni hayo. Nitaongeza moja tu: magari ya miraa hayana breki kwa ajili ya mtu yeyote, kwa hivyo ukisikia mlio nyuma yako, toka kabisa kwenye lami, usibishane.

Siku ya pili tuliteremka Nithi kwa miguu, tukavuka daraja, tukapanda ng'ambo tukisukuma. Ilituchukua muda mrefu na binamu alinung'unika njia yote. Nilipofika juu nilijiona mtu mwenye adabu kubwa. Basi tulipofika kwenye mteremko wa Mutonga, nikajiambia kwamba Mama alitaja Nithi peke yake.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hii ndiyo sehemu ninayotaka msome kwa makini. Mtu na baiskeli wa kilo 80 akishuka bonde la mita 100 kwa mwendo ule ule, nguvu yote aliyopewa na mlima lazima iende mahali fulani, na huenda kwenye breki kama joto. Ukipiga hesabu ya Fizikia utapata karibu jouli 78,000, zinazotosha kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 18 hivi. Joto hilo lote huingia kwenye raba nne ndogo na ringi mbili. Raba ikipata moto sana huwa laini, kisha uso wake hung'aa na kuacha kushika. Na ringi ikilowa maji, breki hukawia kushika, kwa sababu lazima kwanza raba ipanguse maji.

Mimi nilikuwa na yote mawili. Manyunyu yalikuwa yameanza, na nilikuwa nimebana breki tangu juu bila kuziachia. Katikati ya mteremko nilibana kwa nguvu zangu zote na baiskeli ikazidi kwenda. Mbele yangu kulikuwa na kona, na katika kona ile lori likipanda. Sikufikiri, nilipinda usukani kushoto nikaingia kwenye shamba la mabingobingo. Majani yalinishika, nikaangukia bega, Mamba ikaenda zake peke yake hatua kama kumi.

Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani alikuja. Hakunigombeza. Aliinua baiskeli, akagusa raba kwa kidole, akasema, "Zimekuwa kioo." Akazikwaruza kwa makali ya panga hadi weusi wake ukarudi, akanionyesha: bana kidogo, achia, bana, achia, raba ipate nafasi ya kupoa. Anza kubana ukiwa bado juu, mwendo ukiwa mdogo, maana ukingoja ushike kasi umechelewa. Na kukinyesha, shuka. "Mwanangu, baiskeli si punda," akasema. "Punda akiona hatari hukataa mwenyewe."

Mteremko uliobaki tulienda kwa miguu. Nkubu tulifika giza likiingia. Kesho yake tuliendelea hadi mjini Meru, tukavuka ikweta njiani, kisha tukarudi kwa matatu, baiskeli zikiwa juu ya paa.

Kwa wale wanaotaka njia tambarare kama ya reli, nimeipata karibu kuliko tulivyodhani. Ni Mwea, kule chini ya Embu. Mashamba ya mpunga yalianzishwa katika miaka ya 1950, na maji ya mito ya Thiba na Nyamindi huletwa kwa mifereji. Mfereji na reli ni ndugu: wote wawili hawawezi kurukia kilima, hutafuta mteremko mdogo mno na kuufuata. Kwa hivyo njia za udongo zilizo kando ya mifereji ni tambarare kama meza. Mbu wapo, na matope wakati wa mvua, lakini mlima hakuna. Tunapanga kwenda likizo ya Aprili, Mama akikubali.

Habari za Mutonga bado sijamweleza. Aliuliza juu ya bega nikasema niliteleza, na sikudanganya sana. Ila yeye huwa anasoma jarida hili kila mwaka, ukurasa kwa ukurasa. Mama, Nithi tulishuka kwa miguu.