Joto Lipo, Ila Halifiki Kila Mahali

Nikiwa field mwaka jana, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, kama nishati haipotei, kwa nini viwanda vinanunua mafuta ya kuchoma kila siku?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba wenye viwanda hawajui kuitunza. Dogo akaandika kwenye daftari. Hapo ndipo roho inaponiuma, maana nilimdanganya.

Aliyenizindua ni rumeti wangu, anasoma uhandisi wa kemikali. Kiwanda cha kusafisha mafuta hupasha mafuta ghafi hadi kama nyuzi 350 ndipo yaingie kwenye mnara wa kuyatenganisha. Dizeli na wenzake hutoka humo zikiwa za moto, na lazima zipoozwe kabla ya kwenda kwenye matangi. Sasa mbona upande huu uwashe tanuru, na upande ule umwage joto kwenye maji? Unazikutanisha kwenye vibadilisha joto: huku cha moto, huku cha baridi, katikati ukuta wa chuma, joto linavuka bila vitu kuchanganyika.

Mpaka hapo rahisi. Kazi ni kujua nani akutane na nani.

Chukua mkondo wa moto unaoshuka kutoka nyuzi 200 hadi 60, ukitoa kilowati 1 kwa kila nyuzi. Jumla 140. Mkondo wa baridi unapanda kutoka 110 hadi 180, unataka kilowati 2 kwa kila nyuzi. Jumla 140 vilevile. Mimi nikasema tanuru la nini tena? Rumeti akacheka sana.

Joto haliendi kwenye kitu chenye moto zaidi. Tukiacha pengo la nyuzi 10 (ukilibana zaidi, kibadilisha joto kinakuwa kikubwa na bei inapaa), mkondo wa moto unaishia kusaidia ukifika 120. Umetoa 80, mwenzake amefika 150 tu. Zilizobaki 60 lazima zitoke kwenye tanuru, na 60 za chini ya 120 zinaliwa na maji.

Pale 120 kwa 110 ndipo wanapaita pinchi, yaani mbano. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bodo Linnhoff, akiwa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alikuwa kati ya walioonyesha kwamba ukiujua mbano, unajua moto wa chini kabisa utakaohitaji kabla hujachora bomba hata moja. Na ukikosea unalipa mara mbili: pooza kwa maji kilowati 10 tu juu ya mbano, tanuru linapanda hadi 70, na maji nayo 70.

Field ijayo nimeomba shule ileile. Dogo atakuwa kidato cha tatu. Nitaanza na ubao: 200, 60, 110, 180, halafu nimwambie afute lile jibu langu.