Kinachoua watoto wenye kasoro za kuzaliwa mara nyingi ni kuchelewa

MTOTO anapozaliwa akiwa na utumbo nje au mgongo wazi, jamaa wengi huamini kwamba hana lake tena. Lakini watoto wengi wa aina hiyo hawauawi na kasoro yenyewe. Wanauawa na yale yanayoifuata: baridi, njaa, vijidudu na saa zinazopotea kabla ya kumfikia daktari wa upasuaji.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watoto wachanga wapatao 240,000 hufariki dunia kila mwaka kabla ya kutimiza siku 28 kutokana na kasoro za kuzaliwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la Lancet, uliohusisha hospitali 264 za nchi 74, ulionyesha kuwa kati ya watoto waliozaliwa na utumbo nje, asilimia 90 walifariki katika nchi za kipato cha chini. Katika nchi tajiri walifariki asilimia 1.4 tu. Kasoro ni ileile. Kilichotofautiana ni huduma.

Kila kasoro ina njia yake ya kuua. Utumbo ulio nje hupoteza joto na maji ya mwili, na vijidudu huingia katika damu. Mgongo wazi hufungua njia ya maambukizi hadi kwenye utando wa ubongo. Maji yanayojaa kichwani huukandamiza ubongo. Mtoto mwenye mdomo wazi hushindwa kunyonya, hudhoofika, au maziwa humwingia mapafuni. Asiye na njia ya haja kubwa huvimba tumbo, na asipokaguliwa mara baada ya kuzaliwa, tatizo hugunduliwa akiwa taabani.

Hapo ndipo umbali unapogeuka kuwa sababu ya kifo. Kwa mzazi wa Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, safari huanza kwa kuteremka mlima hadi Korogwe mjini, iliko Hospitali ya Magunga. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga, iko karibu kilomita 100 mbele. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), inayopasua watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, iko Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Korogwe.

Kwa hiyo hatua za mwanzo ndizo zinazomfikisha mtoto akiwa hai. Utumbo ulio nje hufunikwa kwa mfuko safi wa plastiki, na mtoto huyo hapewi kitu kwa mdomo. Kidonda cha mgongoni hufunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, na mtoto hulazwa kifudifudi au ubavu. Wote huhitaji joto. Dawa za kienyeji zisipakwe.

Baadhi ya kasoro huzuilika. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana WHO inashauri mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku tangu mwanamke anapopanga kushika mimba. Anayesubiri kliniki ya mwezi wa nne amechelewa kwa kinga hiyo.

Lutindi, inayojulikana kwa hospitali yake ya wagonjwa wa akili, inakumbusha jambo jingine. Valproeti, dawa ya kifafa na ya baadhi ya magonjwa ya akili, ikitumiwa wakati wa ujauzito huleta kasoro kwa takriban mtoto 1 kati ya 10. Mwanamke anayeitumia asiiache ghafla, bali amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Hakuna kati ya hayo kinachohusu laana wala uchawi. Mtoto anayefichwa ndani kwa aibu hupoteza saa ambazo zingemwokoa.