Gunia Ngapi kwa Lori Moja? Sheria za Barabarani na Usafirishaji wa Korosho



Msimu mmoja, katika ziara ya ukaguzi, nilikuta lori la ekseli mbili limeegeshwa nje ya ghala la chama kimoja cha msingi. Lilikuwa limepakiwa korosho hata springi za nyuma zimelala kabisa. Nilimuuliza Katibu limechukua gunia ngapi. Akafungua daftari akanisomea idadi, bila kukosea hata gunia moja. Nilipomuuliza lori lile linaruhusiwa kuchukua gunia ngapi, alinijibu kwamba hilo ni jambo la dereva.

Usiku huo springi ilivunjika njiani. Korosho zilishushwa kando ya barabara, mvua ikanyesha, na gunia kadhaa zilifika ghala kuu zimelowa. Hasara hiyo hakuibeba dereva peke yake. Kwa sababu hiyo naandika maelezo haya, ili Katibu ajue kupiga hesabu hiyo mwenyewe kabla lori halijatoka mlangoni.

Sheria kuu inayotawala mambo ya barabarani katika nchi yetu ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yaliyofuata. Kuhusu uzito wa magari ya mizigo, tunaongozwa pia na Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Sheria hii ya pili inahusu magari ya uzito wa tani 3.5 na zaidi, na haitazami uzito wa gari zima tu. Inatazama pia uzito unaobebwa na kila ekseli, yaani chuma kile kinachounganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia. Ekseli ya mbele, ile ya usukani, isizidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne isizidi tani 10. Ekseli mbili za nyuma zilizofuatana, zenye matairi manne kila moja, zisizidi tani 18. Gari lote pamoja na tela lake, hata likiwa na ekseli nyingi namna gani, lisizidi tani 56.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu hujumlisha tani 8 za mbele na tani 10 za nyuma, akapata 18, kisha akatoa uzito wa lori tupu na kudhani kwamba kilichobaki chote ni nafasi ya korosho. Tuchukue mfano. Lori tupu lina uzito wa kilo 6,500: mbele kilo 3,500 na nyuma kilo 3,000. Gunia la korosho ghafi tulihesabu kilo 80, na gunia lenyewe la katani tuliongezee kilo 1, jumla 81. Kwa hesabu ya haraka, zimebaki kilo 11,500, ambazo ni gunia 141. Lakini bodi ya lori hukaa zaidi juu ya ekseli ya nyuma. Tuseme sehemu 85 katika kila 100 za mzigo huilemea ekseli hiyo. Gunia 141 zina uzito wa kilo 11,421, na sehemu inayokwenda nyuma ni kilo 9,708. Ongeza zile 3,000 za lori tupu, ekseli ya nyuma imebeba kilo 12,708. Imezidi kwa zaidi ya tani mbili na nusu, ilhali ya mbele haijafika hata tani 6. Idadi ambayo ekseli ya nyuma ya lori hili inaiweza bila kuvunja sheria ni gunia 101.

Tofauti hiyo ya gunia 40 ndiyo inayoleta ugomvi mlangoni mwa ghala. Msafirishaji anayelipwa kwa kilo hupenda kupakia zote, na chama nacho hutamani mzigo uishe kwa safari moja. Katibu asibishane kwa maneno. Aombe kadi ya gari, ambayo huonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa juu kabisa ulioandikishwa. Iwapo kiwango cha kadi ni kidogo kuliko cha ekseli, kifuatwe cha kadi, kwa kuwa mtengenezaji ndiye ajuaye breki zake zinaweza nini. Magunia yapangwe kuanzia mbele ya bodi kuelekea nyuma, wala yasirundikwe mkiani kwa ajili ya wepesi wa kushusha.

Nimepata kuambiwa kwamba huku kwetu mizani ya barabarani ni michache, hivyo sheria hii ni ya watu wa barabara kuu. Jibu langu ni mawili. Kwanza, ipo mizani ya kuhamishika, nayo haitoi taarifa kabla ya kuja. Pili, barabara inaumia hata pasipo mizani. Katika majaribio makubwa yaliyofanywa jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi walipitisha malori ya uzito mbalimbali juu ya barabara zilizojengwa kwa kazi hiyo. Waligundua kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na uzito. Ekseli ikibebeshwa mara mbili, barabara huumia kiasi cha mara kumi na sita. Ekseli ya mfano wetu, iliyobeba kilo 12,708 badala ya 10,000, huiumiza barabara zaidi ya mara mbili na nusu kuliko ekseli halali. Mikataba ya kujenga kwa lami kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi ilitiwa saini mwaka 2023, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tumeingoja lami hiyo tangu enzi za wazee wetu, na mkopo tutaulipa sisi na watoto wetu. Sioni busara ya kuibomoa kwa korosho zetu wenyewe.

Kisha kuna mteremko. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini, kati ya milima yake ya mawe. Lori litokalo Newala kwenda Masasi, kabla ya jambo lolote, linateremka. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huleta joto. Zikipata joto kupita kiasi hazishiki tena. Dereva mwangalifu huteremka kwa gia nzito ileile ambayo angeitumia kupanda, na breki huzigusa kwa vipindi. Lori lililozidishiwa mzigo humnyima nafasi hiyo. Mwendo wa gari zito, yaani la zaidi ya kilo 3,500, usizidi kilomita 80 kwa saa, na mahali penye makazi na alama husika, kilomita 50. Juu ya magunia asikae mtu. Najua wachukuzi hupenda kurudi na lori, lakini lori hilo lina leseni ya kubeba mizigo, na gunia likiteleza halichagui.

Kuhusu moshi nitasema machache. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua yote. Mara nyingi sababu ni chujio la hewa lililojaa vumbi, na vumbi letu la msimu wa kiangazi kila mtu analijua. Au pampu ya dizeli haikurekebishwa. Au injini imelemewa na mzigo mlimani. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Gari la namna hiyo linamla mwenyewe mafuta, nalo si la kutegemewa njiani. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo lori likiisha kurudi nyuma hadi mlangoni mwa ghala, injini izimwe. Nimeona injini ikinguruma saa nzima huku akina mama wakichambua korosho hatua tano kutoka bomba la moshi. Katibu ana haki ya kumwambia dereva azime, na hakuna msafirishaji atakayevunja mkataba kwa ajili hiyo.

Sasa nawageukia wanachama wenye baiskeli, maana ndio wanaokutana na malori hayo barabarani. Msimu wa korosho foleni ya mizani huchelewa, na wengi hurudi nyumbani gizani. Baiskeli inatakiwa iwe na breki zinazoshika, kengele, taa nyeupe mbele na kioo chekundu nyuma, kile ambacho wengi hukiita rifleksa. Kioo hicho hakitumii betri, nacho ndicho humwonyesha dereva wa lori kwamba mbele yake pana mtu. Lakini gunia likifungwa vibaya hukifunika. Aliyefunga gunia na arudi nyuma hatua chache atazame kama kinaonekana. Kisipoonekana, akifunge upya juu ya gunia lenyewe.

Mwendeshaji apite kushoto, wala asishike ubavu wa lori ili avutwe mlimani, kama vijana wafanyavyo. Mwenye gunia zima nyuma ashuke mteremkoni aikokote, kwani breki za baiskeli zilitengenezwa kwa ajili ya mtu, nazo haziwezi kumzuia mtu pamoja na kilo 80. Wenye pikipiki nao wanabanwa na sheria ileile: leseni, bima, na kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria wake.

Kwa upande wa vyama, napendekeza daftari la kupakia liongezwe safu tatu: uzito wa lori tupu kama ulivyo katika kadi, idadi ya gunia zinazoruhusiwa kwa ekseli ya nyuma, na idadi iliyopakiwa. Dereva atie saini palepale kabla ya kuondoka. Katika ukaguzi wa msimu ujao nitaomba kuonyeshwa safu hizo, na Katibu ambaye hesabu ya ekseli imemtatiza aniletee kadi za malori yake, tuipige pamoja.