Gunia Bovu Hula Jasho la Mwaka



Mtu hupanda mkarafuu akangoja miaka, akachuma kwa taabu, akaanika na kukimbizana na mvua, kisha mali ikaharibikia njiani kwa sababu ya gunia. Nimepata kuona gunia lililofumuka gatini: karafuu zimezagaa, watu wanazikanyaga, na mwenyewe hayupo. Kwa hiyo leo na tutazame wenzetu wa Kilimanjaro wasafirishavyo kahawa yao.

Kahawa ya mlimani hukobolewa Moshi, penye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1920. Hutiwa katika magunia ya kilo 60, ikateremshwa bandarini na kuvuka bahari. Katika safari hiyo ina maadui watatu.

Wa kwanza ni unyevu. Yapasa usizidi sehemu 12 na nusu katika 100. Ukizidi, hewa ya joto iliyomo ndani ya kontena hugusa bati lililopoa usiku, ikageuka matone na kudondokea magunia. Mvua hiyo haitoki mawinguni; hutoka katika mzigo wenyewe. Ndiyo maana hutandika karatasi ngumu, magunia yasiguse bati.

Wa pili ni harufu. Kahawa hunyonya harufu upesi, hata ya karafuu zetu, na mwonjaji wa ng'ambo ataitambua.

Wa tatu ni mshono mbaya na kulabu ya mchukuzi.

Basi nasi tufanye hivi:

1. Vunja karafuu. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikipinda, irudishe juani. Karafuu zilizofungwa na unyevu huchacha, zikapauka na kusinyaa.

2. Gunia liwe safi na kavu, lisilopata kubeba mbolea, papa wala mafuta. Makonyo yawe na gunia lake.

3. Usijaze hadi mdomoni. Acha upindo, shona kwa uzi maradufu, na uache masikio mawili ya kushikia, ili kulabu isihitajiwe.

4. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, wala si juu ya saruji tupu.

5. Garini na chomboni, funika kwa turubai zima.

Uzi ni wa senti chache, lakini daraja likishuka hakuna wa kukurudishia. Mnunuzi wa mbali hatuoni sisi wala mashamba yetu. Aonacho ni gunia. Basi na limfikie zima.

Katibu wenu