Kikomo cha uongozi kisiishie kwa gavana

Juma lililopita, nilipokuwa nikifundisha somo la historia na serikali katika kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa miaka kumi yamtosha gavana, mbona haimtoshi mwakilishi wa wadi yetu?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa maana sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Nilimwahidi kwamba nitalitafakari swali lake, na makala haya ndiyo jibu langu.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 180 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chasema wazi kwamba mtu hatashika wadhifa wa gavana kwa zaidi ya mihula miwili, na naibu wake vivyo hivyo. Si lazima mihula hiyo ifuatane. Julius Malombe wa Kitui na Kenneth Lusaka wa Bungoma waliongoza kaunti zao kuanzia 2013, wakaangushwa mwaka wa 2017, kisha wakarejeshwa na wapiga kura mwaka wa 2022. Kipindi walichokianza mwaka huo ndicho cha mwisho kwao. Lakini kwa wawakilishi wa wadi, ambao huchaguliwa 1,450 katika kaunti zote 47, Katiba haikuweka kikomo chochote. Mwenye kushinda kila baada ya miaka mitano aweza kukalia kiti hicho hadi kichwa kijae mvi.

Wako watakaosema kwamba tofauti hii ina sababu. Gavana ndiye ashikaye mfuko wa kaunti, ilhali mwakilishi kazi yake ni kutunga sheria na kuichunguza serikali ya gavana. Uchunguzi wa hesabu ni ujuzi unaopatikana kwa miaka mingi. Bunge la kaunti lililojaa wageni watupu litasoma makadirio ya fedha kama mtoto asomaye barua ya babake: maneno atayatamka, maana itampita. Tena, wataongeza, wapiga kura wenyewe huwaangusha wawakilishi wengi baada ya muhula mmoja tu. Basi sanduku la kura ndilo kikomo.

Hoja hizi zina uzito, nami nazikubali nusu. Nusu ya pili naikataa kwa sababu ya niliyoyashuhudia.

Katika kijiji nilikozaliwa, zama za madiwani, tulikuwa na diwani aliyeshinda uchaguzi mara tatu mfululizo. Hakuwa mtu mbaya. Alipigania daraja likajengwa, na kisima kikachimbwa. Lakini miaka ilivyosonga, akaacha kusema "kiti cha wadi" akawa asema "kiti changu". Kijana mmoja niliyemfundisha alirudi kutoka chuoni akitaka kugombea. Wazee wakamwita, wakamwambia kwa upole: "Mwanetu, ngoja kwanza mzee amalize." Mzee hakuwa na pa kumalizia, kwa kuwa sheria haikumwonyesha. Kijana alingoja, akachoka, akaenda zake mjini kutafuta kazi, na hadi leo hajarudi.

Sanduku la kura nalo si huru kama tunavyolihubiri darasani. Kila muhula wa masomo unapoanza, huwaona wazazi wakija shuleni kupigiwa muhuri fomu za basari za kaunti. Wote wajua kwamba neno la mwakilishi wa wadi lina uzito mkubwa katika kuamua ni nani atakayesaidiwa. Mzazi anayesubiri jina la mwanawe lisomwe hawezi kusimama barazani na kumkosoa mwenye orodha. Anayefaulu kuvuka uchaguzi wa kwanza na wa pili huzidi kuota mizizi, na kumng'oa huwa kazi ngumu kila mwaka upitao.

Kwa hivyo maoni yangu ni kwamba wawakilishi wa wadi wawekewe kikomo cha mihula mitatu, yaani miaka 15. Muda huo watosha mtu kujifunza kazi, kuifanya, na kuwafunza watakaomfuata. Hautoshi kukifanya kiti cha umma kuwa shamba la urithi.

Najua ugumu ulipo. Wabunge na maseneta, ambao wana uwezo wa kuirekebisha Katiba, nao hawana kikomo, na wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Njia ya pili ni ya wananchi kukusanya sahihi za wapiga kura milioni moja. Hata hapo, mswada huo hupelekwa kwanza katika mabunge ya kaunti, na sharti uungwe mkono na mabunge yasiyopungua 24. Wanaotakiwa kuwekewa mpaka ndio hao hao watakaopiga kura.

Hata hivyo, tusikate tamaa. Mwaka wa 1992 Katiba ilipomwekea rais kikomo cha mihula miwili, wengi walidhani ni maandishi tu. Mwaka wa 2002 Rais Moi aliondoka, na nchi haikuporomoka. Mwaka wa 2024 ulipoletwa katika Seneti mswada wa kurefusha muhula wa viongozi, wakiwemo magavana na wawakilishi wa wadi, kutoka miaka mitano hadi saba, wananchi waliupinga kwa wingi mno na ukakataliwa.

Walimu wenzangu, tusiifundishe Katiba kama orodha ya vifungu vya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Nanyi wanafunzi, mjue kwamba mtakapofikisha umri wa miaka 18, sahihi zenu zitahesabiwa miongoni mwa hizo milioni moja.

Na kwako wewe uliyeinua mkono: miaka kumi yamtosha gavana kwa sababu kiti si chake. Cha mwakilishi wa wadi nacho si chake. Sheria haijalisema hilo bado, na huenda likawangoja ninyi kulisema.