Taa Mpya Katika Dari Kuukuu

Katika miji ya Jinja na Mbale zingali zimesimama nyumba nyingi zilizojengwa na Wahindi kabla ya kufukuzwa nchini mwaka 1972. Kuta zake ni imara, lakini nyaya za darini ni jambo jingine. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lifunguliwe hapo Jinja mwaka 1954, nyumba hizo zimebadili wakaaji mara nyingi, na kila mkaaji alirithi kazi ya fundi asiyemjua.

Mtu anunuapo taa mpya hukuta nyaya mbili: wa kahawia, ndio wa moto, na wa buluu, ndio wa nyutro. Apandapo ngazi na kufungua kifuniko cha darini, huona nyekundu na nyeusi, kwani mafundi wa zama zile walifuata desturi ya Kiingereza. Hapo hudhani kwamba kahawia ni mwenzake nyekundu, na buluu ni mwenzake nyeusi. Dhana hiyo ndiyo hatari.

Yafaa ieleweke kwamba katika nyumba nyingi za aina hiyo moto hufika darini kwanza, ukashushwa hadi swichi ya ukutani kwa waya mwekundu, na kurudishwa juu kwa waya mweusi. Basi mmoja katika nyaya nyeusi si wa nyutro hata kidogo: swichi iwashwapo, hubeba volti 240. Fundi mwangalifu aliuvika alama nyekundu, wengi hawakujisumbua. Aidha, kuzima swichi hakuondoi moto katika zile nyekundu.

Aunganishaye nyeusi zote pamoja, na nyekundu zote pamoja, ataona taa yawaka swichi ikiwa imezimwa; akiiwasha, fyuzi hukatika. Hilo si baa. Baa ni jirani mjuzi wa haraka anayeondoa uzi wa fyuzi wa ampea 5 na kutia waya mnene, kwani tangu hapo kitakachoungua ni waya wa darini. Nazo nyaya nyingi za miaka ya 1950 zilivikwa mpira, ambao kwa joto la balbu hukauka na kumeguka kama ganda la karanga. Huko Mbale, penye mvua za Mlima Elgon, bati likivuja hali huwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo ijaribu testa mahali penye moto, zima swichi kuu, ng'oa fyuzi ya taa uitie mfukoni, kisha pima tena darini. Kabla ya kulegeza skrubu, tazama taa ya zamani ilivyofungwa, na waya mweusi utokao kwenye swichi uufunge utepe mwekundu. Huo ndio uungwao na kahawia. Buluu huenda kwa nyeusi nyingine. Nyekundu hubaki zimeungana zenyewe, bila ya kugusa taa.

Taa ya chuma isifungwe pasipo na waya wa ardhi, na nyumba nyingi za zamani hazina waya huo kwenye taa. Mpira ukianza kumeguka vidoleni, au nyeusi zisipotambulikana, shuka ngaziani umwite fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, akuonyeshe kibali hicho kabla hajapanda.