Siri ya Nyanya Aambiwe Daktari

Mara nyingi tunapoitwa Likoni au Kisauni kumsomea aliyezidiwa na huzuni, mama wa mgonjwa hutunong'oneza mlangoni: "Sheikh, hata nyanyake alikuwa hivi. Lakini utusitiri, dadake ana posa."

Ayanong'onayo mama huyu, wataalamu wanayasema wazi. Maradhi ya hisia hurithiwa kwa sehemu. Katika sonono, urithi hukadiriwa kuchangia asilimia 37 hivi. Katika maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia, huzidi nusu. Wala si jeni moja yenye kosa, bali nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Tena ubongo, ulio asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni. Katika kazi hiyo huzaliwa chembe kali ambazo, zikiishinda kinga ya mwili, huzila seli kama chumvi ya bahari ilavyo bati. Wagonjwa wengi wa sonono wameonekana na dalili za uharibifu huo.

Basi, ndugu zetu, urithi si hukumu. Wengi wenye jamaa mgonjwa huishi salama. Mama asilaumiwe, wala binti asinyimwe ndoa. Kisomo na dua viendelee, na mgonjwa apelekwe pia hospitali. Port Reitz, kule Changamwe, wapo wahudumu wa afya ya akili. Huko habari ya nyanya isifichwe, kwani humsaidia daktari kuchagua tiba. Kumwambia tabibu si kuutangaza ukoo. Ni kumhifadhi mjukuu.